Kanuni ya Mshale ya Mwalimu Manase

Mwalimu Manase alikuwa na dharau ya kumtosha yeye na ukoo wake mzima, na bado ikabaki ya kugawa mtaani. Aliwadharau wafanyabiashara wa Makambako kwa kuwa walitajirika bila kumaliza darasa la saba. Aliwadharau walimu wenzake kwa kuwa walistaafu wakaenda kulima viazi. Tangu serikali ilegeze kamba, kila mtu akawa anafungua chake, huyu duka, yule gereji, mwingine shule, na Manase aliona nchi imeachiwa wajinga waichezee. Akaapa kwamba yeye hatauza chumvi. Atauza elimu.

Basi mwaka 2005, mgeni mmoja wa kanisani alipokuwa akirudi kwao Ulaya, alimwachia kompyuta ya kupakata iliyochakaa pembe. Manase akakodi chumba mtaa wa Ramadhani, pale Njombe, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: CHUO CHA KOMPYUTA. Kompyuta yenyewe alikuwa hajawahi hata kuiwasha. Lakini mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja hakubali kushindwa na kidude cha umeme.

Alijifungia nayo siku tatu. Haikuwa na programu ya Windows kama za wengine, ilikuwa na nyingine iitwayo Linux, na hilo lilimfurahisha mno. Windows, alisema, ni ya wauza maduka. Chini ya vitufe palikuwa na kibao cha kupapasa kwa kidole, na hapo akagundua jambo: ukipeleka kidole kulia, mshale kwenye kioo unakwenda kushoto, ukikipandisha, mshale unashuka. Mtu mwingine angeuliza. Manase alikuwa wa kuulizwa, si wa kuuliza. Akaandika ubaoni: KANUNI YA KWANZA. MSHALE HUENDA KINYUME CHA KIDOLE.

Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja na kompyuta moja, kwa hiyo walijifunza kama walivyojifunza jedwali la kuzidisha, kwa kuitikia pamoja, vidole vikisugua dawati tupu.

"Ukitaka mshale uende kulia?"

"Kidole kushotooo!"

"Ukitaka upande juu?"

"Kidole chiniii!"

Aliyeongoza darasa ni Elina, binti yake wa mwisho. Elina alimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani miaka miwili, na sasa mfanyabiashara wa mbao wa Makambako, Kheri, alitangaza nafasi moja ya karani. Mtihani ungefanyika kwenye kompyuta. Akiipata, atakuwa mtu wa ofisi. Akiikosa, mama yake alishaamua: aende Matembwe kwa shangazi yake, akapalilie miti ya watu.

Darasani alikuwamo pia Safina, mtoto wa msafirishaji wa Makambako. Siku moja akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Dukani kwa baba mdogo Abdulaziz, kule Makambako, kuna kompyuta. Kule mshale unafuata kidole. Hii nadhani ina kasoro."

Manase akacheka, kicheko kile cha kumkausha mtu.

"Huyo baba yako mdogo anafanya kazi gani?"

"Anachapa barua na kutoa fotokopi, mwalimu."

"Basi mwache na fotokopi zake. Hapa mwenye chuo ni nani?"

"Ni wewe, mwalimu."

"Haya, toka nje ukasimame kwenye baridi mpaka akili ikurudie."

Julai ya Njombe haina huruma. Safina alisimama kidogo, akafunga khanga yake vizuri, akaenda zake na hakurudi tena. Manase akawaambia waliobaki kwamba huo ndio ujuaji wa mjini: debe tupu haliachi kuvuma. Wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu."

Siku ya mtihani alimsindikiza Elina mwenyewe hadi Makambako, kompyuta yake mkobani, maana hakuwa anaachana nayo. Kheri alimpokea kwa adabu zote, akamwonyesha kiti cha nje penye jua. Manase akakataa. Alitaka kuona watu wa mbao wanavyotahini. Akakaa papo hapo nyuma ya binti yake, magoti yakigusa kiti chake.

Elina aliwekewa kompyuta ya kupakata kama ya kwao. Alitakiwa kufungua barua, kuisahihisha na kuihifadhi. Akaweka kidole kwenye kibao, akakiacha palepale. Kisha akageuza shingo kidogo, kama anayetaka kumtazama baba yake, asimtazame.

"Fuata kanuni, Elina!" Manase akasema, kwa sauti ya darasani.

Elina akafuata kanuni. Barua ilikuwa kulia, yeye akasukuma kushoto, na mshale ukakimbilia kushoto ukabana ukingoni. Akarudia. Mshale ukabana tena. Makarani wawili wakaanza kutazamana. Kheri akainama akasema taratibu, "Dada, peleka tu kidole unakotaka kwenda." Elina akasukuma kushoto. Dakika kumi zikaisha barua haijafunguliwa, Kheri akamshukuru kwa kuja, akamwita mwingine.

Manase alitoka anatema moto. Mashine mbovu! Wanatahini watoto wa watu kwa mashine mbovu! Akamvuta Elina hadi kwa Abdulaziz, kwa makusudi, ili amalize kesi zote mbili, ya Kheri na ya Safina, mahali pamoja. Akaitua kompyuta yake kati ya karatasi za fotokopi.

"Kijana, hii ndiyo kompyuta nzima. Itazame ujifunze."

"Shikamoo, mwalimu," Abdulaziz akasema, akapapasa kibao, akakunja uso. Akachomeka kipanya cha waya: mshale ukamfuata vizuri. "Basi mashine ni nzima. Kosa liko kwenye maelekezo ya hiki kibao tu." Akafungua ukurasa mweusi wenye maandishi meupe, akasoma huku midomo ikicheza, akaweka kidole juu ya mistari miwili. "Haya hapa. Aliyekuwa nayo kwanza aliamuru kibao kigeuzwe. Sijui alikuwa anakitumiaje." Akatia alama ya reli, hii #, mbele ya kila mstari ili kompyuta iuruke, akaiwasha upya. Alipomaliza, kikombe chake cha chai kilikuwa bado kinafuka moshi.

Manase akapeleka kidole kulia. Mshale ukaenda kulia. Akapandisha, ukapanda. Akarudia mara tatu, nne.

Abdulaziz akamgeukia Elina. "Dada, si wewe uliyekuja mjini kuchukua fomu ya kazi mwezi uliopita? Safina alikukalisha hapa kwenye kompyuta ukaandika ukurasa mzima. Mkono mwepesi kweli. Kwa Kheri wamesemaje?"

Manase akakiacha kibao, akamgeukia binti yake.

"Ulikuwa unajua?" Manase akamuuliza.

"Nilikuwa najua, baba."

"Sasa pale ulikuwa unasukuma kushoto kwa nini?"

"Uliniambia nifuate kanuni, na watu walikuwa wanasikia," Elina akasema. "Ningewaonyeshaje kwamba baba yangu hajui?"

Akaifunga kompyuta, akairudisha mkobani, akamshika mkono baba yake kumvusha barabara.