Chanzo Hakina Watumiaji

Jumatatu ya kwanza ya Agosti 1999, saa mbili unusu asubuhi, Tryphena Mghoi alikiondoa kitambaa cha kufumwa kilichofunika kompyuta, akakikunja mara nne, akakitia kwenye droo pamoja na sabuni yake ya kunawia. Akawasha mashine na kukaa kungoja. Kompyuta ile ilikuwa ya pekee katika ofisi nzima, na ilikuwa nzito kuamka. Mpaka iwake kabisa, Wayua, mama wa chai, alikuwa ameshakoleza jiko la makaa huko roshani na birika limeanza kuimba.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri, upande wa Kaloleni mjini Voi. Mwenyewe alikuwa Bwana Fanuel, mpima ardhi aliyestaafu, ambaye sasa aliwaandikia watu ripoti. Mwenye kutaka kuchimba kokoto au kuvuta maji mahali alikuja kwake. Bwana Fanuel alipanda gari, akaenda akaangalia, akarudi na karatasi za mwandiko wa mkono, na Tryphena akazipiga chapa.

Na alijua kupiga chapa, msichezee. Chuoni walimfundisha kwamba mpiga chapa hodari hasomi: macho kwenye karatasi, vidole kwenye vitufe, akili iende zake ikatembee. Kwa miaka sita akili ya Tryphena ilikuwa imetembea vya kutosha. Kila siku ilipanda milimani mpaka Mwanda, nyumbani kwa mamake, ikarudi saa ya chai.

Ndiyo maana aliitaka picha ya huko kwao. Ijumaa iliyotangulia Ridha alikuwa amepita. Ridha alikuwa fundi wa redio mwenye duka karibu na stendi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, na siku hizi alitengeneza kompyuta pia kwa vile hakuna mwingine aliyethubutu kuzifungua.

"Dada yangu, hii rangi tupu unayoitazama kutwa kucha itakutia kiza cha moyo bure," alimwambia. "Nimekuletea wolpepa yako."

Picha aliyompa ilikuwa imepelekwa Mombasa ikapigwa skana, ikarudi ndani ya diski. Ilionyesha chemchemi ya kwao Mwanda, ukingoni mwa fighi, ule msitu wa wazee ambao hakuna anayeingia na panga. Lois, mamake Tryphena, alikuwa ameinama na kibuyu akichota. Ilipigwa Krismasi. Ridha aliitandaza ikajaa kioo kizima, kisha akaweka kijisanduku pembeni, juu kulia, chenye mstari wa kijani.

"Na hiki ni kipimo. Mstari ukipanda, mashine inafanya kazi. Ukishuka, imepumzika. Ukigusa chini kabisa, niite, usiguse kitu."

Basi Jumatatu ile kompyuta ilipowaka, Lois alikuwa ameinuka. Picha ilikuwa ileile, migomba ileile, ila yeye alisimama wima akijifunga leso upya. Alipomaliza alishika njia ya nyumbani na kibuyu chake. Njia hiyo ilipita kwenye kile kijipicha cha pipa la taka. Lois alisita, akalizunguka, mguu ukateleza kidogo kwenye tope.

Tryphena akalikamata pipa kwa kipanya akalipandisha mawinguni. Mafaili mengine akayapanga upande wa migomba, ambako hayangemzuia mtu. Ilimchukua dakika kumi, na barua ya kwanza ikachelewa.

Wayua aliingia na chai, akainama kutazama.

"Huyu ni mamako?"

"Ndiye."

"Bado anatembea vizuri, maskini," Wayua akasema, akaweka kikombe mbali na vitufe kama alivyoagizwa.

Kipimo ndicho kilichomsumbua Tryphena. Hata alipokaa mikono mapajani, mstari ulikuwa juu asubuhi na kushuka alasiri. Jumanne haukurudi pale ulipoanzia Jumatatu. Jumatano ulianzia chini zaidi. Alimwita Ridha, naye akaja na bisibisi yake, akakaa, akatazama muda mrefu asiitumie.

"Mashine yako haina neno. Hapa haifanyi kazi yoyote. Kipimo kinapima maji."

"Maji gani?"

"Si hayo hapo!" Alionyesha chemchemi kwa bisibisi. "Wallahi mimi kazi yangu ni kukiweka tu. Kinachopimwa kina mwenyewe."

Alhamisi wanaume wawili wenye ovaroli waliingia ndani ya picha wakiwa na saruji na bomba refu la chuma. Walifanya kazi siku nzima. Lois alisimama kando, na majirani wachache, wote mikono kifuani. Ijumaa saa nne mstari wa kijani uligusa chini. Pale palipokuwa na chemchemi palikuwa na kifuniko cha chuma na kufuli. Lois alikaa juu ya jiwe, kibuyu kitupu mapajani.

Kuna jambo Tryphena alilijua kabla hajalijua, akafungua mafaili. Aliipata ripoti ya mwezi wa tatu. Hakuna popote ilipotaja Mwanda; mahali palitajwa kwa nambari ya ramani tu, nayo kwenye ramani ya ukutani iliangukia fighi ya kwao. Hoteli ya watalii huko chini nyikani ilitaka maji ya bwawa la kuogelea. Kwenye ukurasa wa pili Bwana Fanuel alisema: *Chanzo hakina watumiaji wa kudumu.* Chini kabisa, kushoto, palikuwa na zile herufi za kila ripoti, kubwa za mwenye kuandika na ndogo za mpiga chapa: FK/tm.

Aliichapisha, akaingia nayo kwa bosi.

"Bwana Fanuel, hapa pana watu. Mamangu anakunywa hapa."

Bwana Fanuel alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya wala wa kelele. Alizungumza polepole siku zote.

"Nilikwenda mwenyewe, Tryphena. Nilikaa saa nzima. Sikuona mtu hata mmoja."

"Ilikuwa siku gani?"

"Jumapili. Saa tano asubuhi."

"Jumapili saa tano Mwanda nzima iko kanisani!"

"Sasa hayo ningeyajuaje? Niliandika nilichoona, na wewe ukapiga ulichopewa." Akavaa miwani tena. "Ripoti haiandikwi mara mbili. Na hiyo picha yako iondoe, inakutoa kwenye kazi. Kuna ile ya mawingu, nzuri tu."

Tryphena hakuiondoa. Jumatatu iliyofuata Lois alisogea mpaka uso wake ukajaa kioo, akakipindua kibuyu kumwonyesha mwanawe kwamba hakidondoshi hata tone. Tryphena alikimbia roshani, akalinyakua birika la Wayua likiwa na maji yasiyopata moto bado, akalielekeza kwenye kioo. Lois akakivuta kibuyu kifuani na kutikisa kichwa.

Ni masizi. Birika lilikuwa jeusi ti, na Mwanda chombo chenye masizi hakisogezwi chemchemini. Maji huchukizwa yakahama. Maji ya Lois yalikuwa yameshahamishwa na watu wa ovaroli, lakini yeye alikuwa mtu wa kushika desturi, na hakuona sababu ya kuiacha wakati wa shida. Tryphena alishuka dukani akanunua jagi jipya la plastiki, la buluu, akalijaza kutoka kwenye mtungi wa mchuuzi wa mkokoteni, akapanda nalo.

Safari hii kibuyu kilinyooshwa. Maji yalipita kwenye kioo bila taabu, na mstari wa kijani ukainuka kidogo. Matone mawili tu yaliangukia vitufe, akayapangusa kwa kitambaa cha kufumwa. Lois alisema kitu, lakini kompyuta haikuwa na spika. Tryphena aliona midomo tu. Alilia kidogo, akapiga chapa barua mbili.

Mwezi ulipoisha, nyuma ya Lois palikuwa na foleni inayopinda mpaka migombani. Bwana Fanuel aliliona hilo akapita, na kesho yake akaleta karatasi ya kupigwa chapa. Ilibandikwa ukutani: *Kumimina maji kwenye kompyuta ni saa saba hadi saa nane mchana tu. Kwa amri.* Chini kushoto, FK/tm. Tangu siku hiyo Tryphena hakula tena chakula cha mchana. Wayua alimsaidia kupandisha mitungi. Stima zikipotea, Tryphena alikaa mbele ya kioo cheusi, jagi mkononi, roho juu, mpaka zirudi.

Jumamosi moja alipanda Mwanda. Lois alimpeleka kukitazama kifuniko, wakasimama pale wote wawili. Chini ya chuma maji yalisikika yakipita.

"Yale yako yana ladha ya plastiki," Lois akamwambia. "Lakini ni maji. Mungu akubariki."

"Amina, mama."

"Hebu niambie. Wewe unakaa na watu wa karatasi. Nani huyo aliyeandika kwamba sisi hatuko?"

Tryphena alitazama viatu vyake. "Watu wa ofisi," akasema. Waliporudi nyumbani alimpasulia mamake kuni zote zilizokuwepo, hata zile ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Katikati ya Novemba alikuja Bwana Derrick, mtu wa ile hoteli, mchangamfu, akamsalimia kila mtu kwa mkono. Hoteli ilikuwa inaongeza bwawa la pili, dogo, la watoto. Palikuwa na chemchemi nyingine, chini kidogo ya ile ya kwanza. Jumapili Bwana Fanuel alipanda gari akaenda akaangalia. Jumatatu aliweka karatasi zake mezani kwa Tryphena.

Tryphena alizisoma. Alisoma kila neno, mara mbili, midomo ikitembea.

"Hii sitaipiga," akasema.

Bwana Fanuel hakukasirika. "Sawa. Yuko msichana wa Wundanyi amemaliza kozi, anatafuta kazi. Ataanza kesho." Akafikiri kidogo. "Ila kompyuta ni ya ofisi, Tryphena. Itabaki hapa. Na sidhani kama huyo atataka kuketi na picha ya mama wa mtu."

Kisha akarudi chumbani mwake na kuuacha mlango wazi.

Mwishowe Tryphena akafungua ukurasa mpya. Ukurasa mweupe ulifunika migomba, ukafunika foleni, ukamfunika Lois. Kilichobaki ni kile kijisanduku cha pembeni, na mstari wa kijani ulishuka kidogo kila alipomaliza sentensi. Aliuona ukishuka. Akili yake haikwenda popote siku hiyo. Ilikaa naye pale pale, ikasikia kila kitufe. *Chanzo hakina watumiaji wa kudumu.* Hakukosea hata herufi moja. Chini kushoto akaweka FK/tm, akachapisha, akazipanga karatasi sawasawa, akazipeleka.

Aliporudi aliushusha ukurasa. Foleni ilikuwa imeongezeka. Watu wa chemchemi ya chini walikuwa wamefika na vyombo vyao, vyote safi, hakuna chenye masizi. Mbele yao Lois alikuwa amekwisha kunyoosha kibuyu, akimtazama mwanawe kwa tabasamu.

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Tryphena alingoja zitimie, kisha akachukua jagi.