Maua ya Kengele Nyuma ya Jiko

Mshonaji alipewa mbegu za maua ya kengele na mteja wake, mkunga aliyekuja kupunguziwa gauni.

"Unapanda mara moja tu," mkunga alimwambia. "Mwaka wa kwanza majani, wa pili maua. Baada ya hapo yanajipanda yenyewe."

Akazimwaga kwenye kipande cha udongo nyuma ya jiko. Mwaka mzima hakuona ila majani yaliyojilaza chini. Mumewe kila akipita anauliza, "Hii mboga yako tutaila lini?" Mshonaji anaendelea kumwagilia.

Mwaka wa pili mashina yakapanda hadi usawa wa kifua, yakajaa kengele za zambarau. Mshonaji akahamishia cherehani dirishani apate kuyaona. Yalipokauka, akayaacha makusudi ili mbegu zidondoke.

Jumamosi moja alirudi kutoka kununua nyuzi, akakuta pale pamefyekwa, peupe. Wifi yake, dada wa mume aliyekuwa akiishi nao, alikuwa anafuta panga.

"Nimekuondolea yale makavu, wifi. Yalikuwa yanatutia aibu."

"Umeyapeleka wapi?"

"Nimeyachoma."

Mshonaji aliingia chumbani, akafunga mlango, akalia kwa hasira. Miaka miwili!

Mvua zilipoanza, miche kama kumi ikachomoza. Kumbe mbegu chache zilikuwa zimewahi kudondoka. Roho ikamtulia. Siku tatu baadaye akamkuta wifi amechuchumaa palepale, jasho linamtiririka. Ameng'oa miche yote, ameacha magugu, na magugu yenyewe ameyamwagilia.

"Nilitaka kukufurahisha," wifi alisema, "kwa vile nilivyokuudhi siku ile."

Mshonaji alitaka kumpasukia. Lakini ni lini alimwonyesha lipi jani la ua na lipi la gugu? Akapekua rundo, akapata miche minne yenye mizizi mizima.

"Shika hapa. Unasikia vinyweleo?"

"Nasikia."

"Lenye vinyweleo haling'olewi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Sasa yatachanua lini?"

"Mwakani. Yakipona."

"Mwaka mzima tena!" wifi akaguna.

Mshonaji alichimba shimo la kwanza kwa kidole, bado amenuna, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Wifi akampa mche.