Filta Haifungwi Tupu

Esnath alikuwa ameshavaa gauni lake jipya la kitenge, viatu na hata hereni, alipoona oili imedondoka chini ya gari. Halikuwa dimbwi, vilikuwa vitone tu, lakini moyo ulimlipuka. Kati ya siku zote alizoziumba Mungu, gari hili limeona lianze kutoa machozi leo.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya Joackim. Huyu Joackim ni mtu wa Ludewa, dereva wa malori aliyestaafu, mgane, ambaye alianza kwa kupita dukani kwa Esnath pale Njombe kununua mbegu za viazi, akaishia kupita hata majira ambayo mbegu hazipo. Kabla ya kwenda Dar es Salaam kumwona binti yake, alieleza nia yake bila kuzungusha maneno.

"Mama Eveline," alimwambia, "mimi nimebeba watu na mizigo maisha yangu yote. Nataka sasa nikae kiti cha abiria, uendeshe wewe. Jumamosi nitarudi na treni. Nikikukuta stesheni Makambako na gari lako, nitajua umekubali. Nisipokuona, nitaendelea na treni hiyohiyo mpaka Mbeya kwa mdogo wangu, na sitakusumbua tena."

Esnath alimfungia tu viazi na kuku kwenye hotipoti yake mwenyewe ya bluu, ale njiani, akamsindikiza mpaka getini. Tangu hapo amekuwa akicheka peke yake jikoni, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Mabasi ya Makambako yapo tele, angeweza kupanda lolote. Lakini mtu kaomba gari, umfuate na basi? Hiyo ingekuwa kusema ndiyo huku umefunika mdomo.

Akampigia simu fundi wake, Danford, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa Iwawa akihangaika na lori la viazi lililokwama.

"Mama, oili yenyewe bado nzima, tumeibadilisha mwezi huu tu," Danford alisema. "Shida ni ile filta uliyoing'ang'ania kwa sababu ni rahisi. Ile nyingine niliyokuachia unayo?"

"Ninayo, baba."

"Basi usimwage oili. Fungua filta peke yake, itamwagika kidogo, kinga na beseni. Halafu papasa pale ilipokaa, hakikisha raba ya zamani imetoka. Raba mpya ipake oili kwa kidole, funga kwa mkono, ongeza oili iliyopungua. Hata mama mchungaji angeweza."

Mama mchungaji hana miadi stesheni, Esnath aliwaza, akaenda kumwita wifi yake.

Emilia, dada wa marehemu mumewe, alikuwa akiishi nyumba ya pili. Esnath alikuwa hajamwambia habari za Joackim, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko filta. Alianza kujieleza kwa kuzunguka, mara treni, mara mgeni, mara viazi. Emilia akamkatiza.

"Wifi, nilijua tangu ulipoanza kupaka losheni mpaka visigino. Gari liko wapi?"

Wakatandika viroba, wakaegesha mawe kwenye matairi, wakajilaza chini katika baridi ile ya Julai ambayo huwachelewesha hata kuku kutoka bandani. Filta ya zamani iligoma, wakaizungushia kipande cha khanga, ikalegea, oili ikachuruzika kwenye beseni. Esnath aliipaka oili raba ya filta mpya, akaiinua kuifunga.

"Unairudisha tupu hivyo?" Emilia aliuliza.

Lazima ieleweke kwamba Emilia hajawahi kumrudishia jirani bakuli bila kutia chochote ndani. Akikosa mayai, ataweka maharage. Akikosa maharage, atachuma hata majani ya maboga. Kwake yeye, aibu ya chombo kitupu ni kubwa kuliko aibu ya kudaiwa.

"Umetoa iliyojaa, unampa tupu," alisema. "Ijaze kwanza, wifi. Ni injini, ndiyo, lakini na yenyewe imekupeleka mbali."

Esnath, kwa haraka na kwa furaha aliyokuwa nayo, aliona ni maneno ya busara kabisa. Akachukua kopo la oili, akaijaza filta mpaka mdomoni, akaipandisha kwa uangalifu kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa. Ila kwenye gari lile filta hukaa ubavu. Alipoilaza tu, oili yote ikaingia kwenye mkono wa gauni, ikapita kwapani, ikatulia kifuani.

Emilia akaanza kucheka, kicheko cha kukosa pumzi, akigonga bodi ya gari kwa kisigino. Esnath alitaka kukasirika lakini kicheko kikamshinda naye. Walicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna msiba.

Katikati ya kucheka huko, nani angekumbuka kupapasa raba? Filta ikafungwa. Esnath akawasha gari, oili ikaruka pembeni, Emilia akapiga kelele azime. Walipoifungua tena, wakakuta raba mbili zimekaliana, ya zamani na mpya, kila moja ikimsukuma mwenzake. Wakaitoa ya zamani, wakafunga upya, safari hii bila kujaza, wakamimina oili yote iliyobaki kwenye kopo. Kijiti cha kupimia kikaonyesha inatosha. Gari likawaka, chini kukawa kukavu.

Lakini muda ulikuwa umekwenda. Kuoga ilikuwa ndoto. Emilia alivua sweta lake mwenyewe, akamvalisha Esnath juu ya lile gauni, akamfunga vifungo kimoja kimoja.

"Kaka yangu angekuona leo, angekucheka," alisema, na sauti yake ikalegea kidogo. "Halafu angekusukumia gari. Nenda, wifi."

Esnath alilia mpaka kona ya kwanza, baada ya hapo akaanza kuimba. Aliimba sauti ya pili ya kwaya akiyapita mashamba ya chai na misonobari, akiwapungia madereva wa malori asiowajua. Alisimama mara moja tu kuchungulia chini ya gari. Palikuwa pakavu, akapiga makofi peke yake barabarani.

Alipokuwa akiegesha stesheni Makambako, treni ilipiga honi. Alikimbia viatu mkononi, akafika jukwaani akaona behewa la mwisho likikata kona kuelekea Mbeya. Furaha yote ilimtoka. Alisimama pale ananuka oili, akijiona mjinga aliyepoteza mume kwa sababu ya raba.

Watu walipopungua, akamwona. Joackim alikuwa amesimama na begi mkono mmoja na hotipoti ya bluu mkono wa pili.

"Ulisema usiponiona utaendelea," Esnath alisema.

"Ndivyo nilivyosema. Sikukuona, nikakaa kwenye kiti changu. Halafu nikaangalia hiki hapa mapajani." Akainua hotipoti. "Nitakwendaje Mbeya na chombo cha watu?"

Esnath alinyoosha mkono, akakumbuka ulivyo, akaurudisha. Joackim alinusa, akauangalia mkono ule uliojaa oili, akatabasamu.

"Umeijaza filta kabla ya kuifunga."

"Wifi alisema haifungwi tupu."

"Kwenye gari lako inalala ubavu."

"Sasa hivi najua."

Esnath akampokea hotipoti. Ilikuwa nzito. Alipofunua, ndani mlikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti: filta ya oili, mpya, ya gari la Esnath hasa.

"Siku ile unanisindikiza niliiona yako inatoa jasho," Joackim alisema, akiangalia chini. "Na chombo chenyewe nisingeweza kukirudisha kitupu."

Esnath alicheka mpaka akakaa kwenye sakafu ya jukwaa. Alipopata nguvu akaongoza mpaka kwenye gari, akamfungulia mlango wa abiria, vidole vyake vikabaki vimechorwa kwenye kioo.

"Kaa," alimwambia. "Funga mkanda."

Joackim akakaa. Na kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure ndani ya gari, aliipakata ile hotipoti mpaka Njombe.