Mikono Ina Kazi

Mjukuu wangu Huwaida hucheza gemu la ngumi, lile la watu wawili kupigana kwenye skrini mpaka mmoja aanguke. Mwanzoni nililiona ni kelele tu. Lakini mimi ni mtu niliyesoma ukubwani, darasa la jioni, baada ya kukausha nazi za mbata kutwa nzima kule Mwera, na tangu hapo sikubali kitu kifanyike nyumbani kwangu nisikielewe. Nikavuta kiti, nikamwambia anifundishe kutazama.

"Usimtazame mtu wangu, babu," akaniambia. "Kila mgeni humtazama wake. Mimi wangu najua yuko wapi, nimemshika mkononi. Namtazama wa mwenzangu."

"Na ukishapigwa?"

"Nakinga. Sifanyi kingine."

"Hurudishi?"

"Ndicho anachongoja, babu. Mtu akinipiga anajua nitakuja na hasira, na mtu mwenye hasira huja kwa njia moja. Nakinga mpaka moyo utulie. Ukitulia, naanza upya, kama vile hakuna aliyenigusa."

Nilimsikiliza kwa makini. Nimeona watu wazima na ndevu zao wakipoteza mashamba mahakamani kwa kushindwa jambo hilohilo.

Katika nyumba yetu, Barabara ya Kumi na Mbili, nilikuwa na sheria moja kuhusu gemu hilo. Nikikohoa mlangoni, mchezo unasimama. Anayecheza anaweka chini pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, anainuka, ananipa mkono na kuubusu: "Shikamoo, babu." Mimi siamkiwi na mgongo wa mtu. Wajukuu wote waliifuata sheria hiyo, na Huwaida kuliko wote. Alikuwa akisikia kikohozi changu tu, mkono wake wa kulia unaachia pedi kabla hata hajageuka.

Mwaka huu yakatangazwa mashindano ya Tanga mjini. Mshindi angekwenda Dar es Salaam kucheza na washindi wa mikoa mingine. Baba yake, mwanangu Talal, hakupendezwa. Wakati ule dada yake Talal, Muzna, alikuwa akitafuta mtu wa kumsaidia nyumba yake ya wageni Ushongo, kupokea Wazungu na kusimamia vyumba. Talal akamwambia binti yake mbele yangu: "Ukishinda, utakwenda Dar na sitasema neno. Ukishindwa, mashine unawapa wadogo zako, nawe unakwenda Ushongo kwa shangazi yako. Umri wa kubonyeza vitufe umekwisha."

Huwaida akajibu, "Sawa, baba." Hakulia, hakubembeleza. Lakini usiku ule aliiacha sahani yake imejaa, nami nikaiona.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa harusi, Makorora. Usiku wa kuamkia siku hiyo palikuwa na harusi, na vile viti viwili vikubwa vya dhahabu, vya bwana na bibi harusi, vilikuwa bado jukwaani na maua yake ya plastiki. Bibiana, mwanamke aliyeandaa mashindano, hakutaka kuhangaika kuviondoa. Akaweka skrini mbele yake, akasema wachezaji watakaa humo.

Unaweza kufikiri maneno yaliyotoka. Huwaida alipokaa na kijana wa kwanza, ukumbi mzima ulipiga vigelegele.

"Bibi harusi, mbona hulii?"

"Ngojeni kidogo," Huwaida akasema, macho kwenye skrini, "atalia bwana."

Na kweli kijana yule alitoka jukwaani uso umemshuka. Aliyefuata vilevile. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, fimbo mapajani, nikiwaeleza majirani zangu wa pande zote mbili kinachoendelea. Mmoja alikuwa fundi wa pikipiki, na alinishukuru.

Fainali ikawa kati ya Huwaida na kijana aitwaye Yasini, mwenyeji wa Kigombe anayefanya kazi mjini. Yasini alikuwa akichezesha jitu lenye mikono kama mapipa ya mafuta. Alikuwa hodari, na mdomo wake ulikuwa hodari zaidi.

"Dada, sema mapema. Nikupige polepole au nikuwahishe nyumbani ukapike?"

"Nyumbani kwetu wanapika wanaume," Huwaida akasema. "Nitakualika."

Watu wakacheka, na Yasini mwenyewe akacheka. Rafiki yake Badr, kijana wa Pangani aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake, ndiye hakucheka.

Mshindi angekuwa atakayetangulia kushinda raundi mbili. Kabla hawajaanza ikaadhiniwa alasiri, nami nikatoka kwenda kuswali msikiti wa jirani. Bibiana hakusubiri, ukumbi ulikuwa umekodiwa mpaka magharibi tu. Niliporudi, mlango mkubwa ulikuwa umejaa watu. Nikazunguka, nikapitia mlango mdogo wa pembeni, ule wa kupitishia bibi harusi, unaotokea hatua chache tu kutoka kwenye vile viti.

Baadaye ndipo niliambiwa kwamba raundi ya kwanza Huwaida alikuwa ameshinda, na ya pili alikuwa anakaribia kuimaliza. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba nimefika mlangoni. Nikakohoa, kama ninavyokohoa maisha yangu yote nikiingia mahali.

Mkono wake wa kulia ukaachia pedi. Akainuka nusu, akaunyoosha kwangu. "Shikamoo, ba..."

Jitu la Yasini likamnyanyua mtu wa Huwaida, likambwaga chini. Alipokamata pedi tena alikuwa amechelewa. Kengele ya raundi ikalia, na upande wa Yasini ukaruka juu kwa furaha.

Nilibaki nimesimama pale, mkono wangu uko hewani bado haujashikwa. Fundi wa pikipiki alinitazama kwa jicho la mtu aliyeona gari la mwenziwe limetumbukia mtaroni.

Bibiana akatoa mapumziko mafupi. Nikapanda jukwaani. Huwaida alikuwa akijifuta viganja kwenye baibui, tena na tena.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi natoka nje. Nitakaa barazani. Jifanye mimi sipo. Ukinisikia nakohoa, sipo."

Akatikisa kichwa. "Usitoke, babu."

"Nimekupotezea raundi."

"Imeshakwenda hiyo." Akavuta pumzi, akaitoa taratibu. "Nikijifanya hupo, nitafanya kazi mbili. Kucheza, na kujifanya. Itanichosha. Wewe kaa palepale pako, ukiwa upo. Ukikohoa tena nitakuamkia kwa mdomo. Mikono ina kazi."

Siku nyingine yoyote ningemwambia kuwa shikamoo ya mdomo mtupu si shikamoo. Nilimtazama, nikaona ameacha kujifuta viganja. "Marahaba," nikasema, kwa ile iliyokatika, nikashuka kwenda kukaa.

Sasa, Badr aliona yote hayo. Nje ya ukumbi, kwenye benchi, alikuwapo Mwalimu Mwinyijuma, mzee wa makamo yangu aliyefundisha Kurani Kigombe miaka mingi kabla ya kuhamia mjini. Alikuja kuchukua mikeka ya chuo chake iliyoazimwa kwa ajili ya nikahi. Aliambiwa asubiri mchezo uishe, naye alikuwa akisubiri kwa adabu. Badr hakumjua ni nani. Alichokiona ni kanzu, kofia na ndevu nyeupe, na hesabu yake ikamtosha.

Raundi ya tatu ikaanza. Yasini alikuja kwa nguvu, kwa kuwa aliamini binti amevunjika moyo. Akapiga, Huwaida akakinga. Akapiga tena, akakinga. Watu wakaanza kupiga kelele, "Rudisha! Rudisha, bibi harusi!" Hakurudisha. Nilikuwa nimeshika fimbo kwa mikono miwili, na nilijua anachofanya. Alikuwa akingoja moyo wake. Kisha nikamwona mabega yakishuka, na mtu wake kwenye skrini akapiga hatua moja mbele.

Kuanzia hapo ukawa mchezo. Huyu anapunguza, yule anapunguza. Ile mistari miwili ya juu inayoonyesha uhai uliobaki ilifupika sambamba, mpaka kila mmoja akawa amebakiwa na kipande kidogo cha kijani.

Ndipo mlango mdogo wa pembeni ukafunguka, na nikasikia sauti ya Badr nyuma yake: "Pita tu, mzee, mikeka yako iko humohumo nyuma ya viti."

Mwalimu Mwinyijuma akaingia, akasimama palepale niliposimama mimi.

"Asalaam aleikum!"

Sauti ile ilizoea kusikika mpaka mwisho wa chuo, juu ya watoto wote wanaosoma kwa pamoja, na mtaani kwetu kila mtoto aliijua.

"Waleikum salaam. Shikamoo, mwalimu," akajibu Huwaida. Alisema vizuri, kwa sauti ya heshima, kila neno limetimia. Macho yake hayakutoka kwenye skrini na vidole havikusimama.

Lakini Yasini aliruka. Aliinuka kwenye kiti cha dhahabu wima kama mshale, pedi ikaanguka sakafuni, mikono akaibana kifuani. Kila aliyesoma chuo kile Kigombe alikuwa akisimama hivyo mwalimu akiingia, na asiyesimama alijua kitakachompata.

"Shikamoo, mwalimu!"

Kwenye skrini jitu lake lilibaki limesimama, mikono chini, likihema. Huwaida akalipiga. Likaanguka, na kengele ikalia.

Ukumbi ukapasuka kwa kelele.

"Sikuwa tayari!" Yasini akapaza sauti. "Bibiana, sikuwa tayari!"

"Alipokuwa anampa babu yake mkono, mwenzio alikuwa tayari?" Bibiana akamuuliza. "Wewe ulisimamisha mchezo?"

Yasini akageuka kumtafuta Badr, akamwona mlangoni.

"Nani amekutuma umlete mwalimu wangu?"

"Mwalimu wako?" Badr akasema. "Mimi nitajuaje? Mimi mtu wa Pangani!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu Mwinyijuma, ambaye hakuwa ameelewa hata kidogo, aliwatazama wote kwa zamu. "Marahaba," akasema. "Yasini, kumbe ni wewe umekaa kwenye kiti cha harusi? Umeoa lini, mbona hatukualikwa?"

Huwaida alikuwa ameshaweka pedi chini. Akashuka jukwaani, akamwendea mwalimu, akampa mkono na kuubusu. Kisha akaja kwangu, akafanya vilevile. Halafu yeye na Yasini wakabeba mikeka ya mwalimu, huyu upande huu na yule upande ule, wakaitoa nje. Nilimsikia Yasini akimwambia njiani, "Dar usituaibishe. Ukicheza na mtu mwenye jitu kama langu, mkamate, usimrukie." Naye akamjibu, "Nimekusikia, kaka."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kwa kuwa nilitaka kutembea. Kuna jambo lilikuwa likinisumbua.

"Ulimwona Yasini amesimama?" nikamuuliza.

"Hapana, babu."

"Hukumwona? Alikuwa pembeni yako."

"Sikumtazama Yasini. Niliona jitu lake limeacha kukinga."

Nilikuwa nimemwelewa.

Talal alikuwa mlangoni. Alikwishapigiwa simu na watu wasiopungua nusu ya mtaa. Alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akakuna kidevu. "Nimesema sitasema neno," akasema, "na sisemi. Nauliza tu. Dar atafuatana na nani?"

"Na mimi," nikajibu. "Mchezo huu hapa nyumbani anayeuelewa ni mimi."

Hakubisha. Akampigia Muzna kumwambia atafute msaidizi mwingine.

Siku zilizofuata Huwaida alifanya mazoezi kila alasiri. Siku moja nilirudi kutoka sokoni na samaki mkononi, nikafika mlangoni, na nikasikia ngumi za gemu zikilia ndani. Kikohozi kilikuwa kimeshanifika kooni. Nikakimeza. Nikakaa barazani, samaki nikawaweka kivulini.

Jirani akapita. "Mzee Yaqoub, vipi, umefungiwa nje?"

"Hapana," nikamwambia. "Nangoja raundi iishe."