Cheni ya Gari la Cleopa

Cheni ilifika Kilosa siku ile ile na maiti. Polisi waliikuta kwenye mfuko wa koti la Cleopa, imeviringishwa kwenye karatasi yenye grisi, mpya, haina hata mkwaruzo. Wakamkabidhi baba yake pamoja na kofia na kiatu kimoja. Cleopa alikuwa ameifuata Morogoro. Wakati wa kurudi alipata lifti kwenye lori la mahindi, na lori likapinduka kwenye kalvati, kabla ya kufika Msowero.

Gari lenyewe lilibaki uani kwa baba yake, Hezekia, boneti wazi, rejeta imeegemezwa ukutani. Cleopa alilinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyefungasha virago baada ya Azimio, mashamba yalipotaifishwa, akawa anabeba abiria wa Mikumi na wagonjwa wanaokwenda hospitali ya misheni kule Berega. Ukapita muda, injini ikaanza kukereketa upande wa mbele kama mtu anayetafuna kokoto.

"Ni cheni ya taimingi, Baba," alisema Cleopa. "Imechoka, imelegea. Siku ikiruka, injini imekwenda."

Akaifungua mwenyewe, mkewe Yunis akimpa spana. Alipoitoa ile cheni kuukuu akaondoka kwenda kutafuta nyingine.

Hezekia alikuwa fundi cherehani, mjane tangu Letisia wake alipofariki. Matanga yalipokwisha na watu wakatawanyika, nyumba ilibaki na watu watatu: yeye, mkwe wake Yunis, na mjukuu wake Ida, aliyekuwa bado hajui kutamka jina lake sawasawa. Yunis alikuwa mtoto wa milimani kule Berega, kalelewa kwa adabu. Akileta chakula alipiga goti, akaweka, akaondoka. Hakukaa mahali alipokaa baba mkwe. Naye Hezekia, kabla ya kuingia uani, alikohoa kwanza ili mwenzake ajue anakuja.

Lakini majirani hawakukisikia hicho kikohozi. Waliona nyumba moja, mzee hana mke, mjane bado kijana. Bi Mwamvua wa nyumba ya pili ndiye aliyekuja kulisema.

"Mzee Hezekia, mimi si mtu wa maneno, unanijua. Lakini bombani watu wanasema. Mrudishe binti wa watu kwao kabla hawajamharibia jina."

Hezekia alijua hata bila kuambiwa. Kwao, na kwa kina Yunis vilevile, mtoto ni wa ukoo wa mama. Ida alikuwa wa Berega tangu hajazaliwa. Akatuma salamu kwa Theodory, mjomba wake Yunis. Jibu likaja kwa mdomo wa abiria: atakuja kuwachukua mahindi yakishavunwa, ataliendesha gari mwenyewe, kwa kuwa gari sasa ni la mjane na mtoto. Wao walitengeneze tu.

Yunis alipiga goti mlangoni. "Baba, nakumbuka alivyoifungua. Ila mikono yangu haiziwezi zile nati."

"Mikono ninayo," alisema Hezekia. "Wewe nielekeze."

Ilikuwa shida mwanzoni. Vichwa viwili, vya mkwe na mkwe, chini ya boneti moja! Mmoja akihamia kushoto, mwingine alikimbilia kulia. Vidole vyao viligusana kwenye grisi, wote wawili wakavirudisha kama waliounguzwa. "Samahani, Baba." "Hapana, mwanangu, ni mimi." Ila kazi ya injini haina nafasi ya aibu nyingi, na baada ya siku chache wakazoea. Yunis alimwonyesha gia ndogo ya chini, inayozungushwa na krenki, na gia kubwa ya juu, inayofungua valvu, vile vilango vya hewa na moshi. Kila moja ina nukta. Cheni ikivalishwa, nukta hizo lazima zitazamane, la sivyo valvu zitafunguka wakati usio wake.

Hezekia akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Kumbe ni cherehani hii! Sindano ikishuka na ile ndoano ya chini ikachelewa kuudaka uzi, unashona hewa."

Yunis naye akacheka, akaficha mdomo kwa mkono wenye mafuta, ukamchafua shavu.

Gasketi ya mbele, ile karatasi ya kuzuia mafuta yasivuje, ilikuwa imechanika. Hezekia aliikata nyingine kwa boksi la sabuni, kwa mkasi wake wa vitambaa, tundu kwa tundu. Wakifanya kazi walizungumza, maana mikono ikiwa na shughuli ulimi hulegea. Yunis alisimulia jinsi Cleopa alivyoimba kanisani kwa sauti kubwa, akikosea tuni bila hata kujua. Hezekia alisimulia jinsi mwanawe, akiwa mdogo, alivyoifungua saa ya mezani ya mama yake, ikabaki vyuma vitupu. Mchana Yunis alikula ameketi kwenye kizingiti cha jiko, mzee kwenye kigoda chake, na mazungumzo yakaendelea. Hezekia hakuwa amezungumza hivyo na mtu tangu Letisia alipoondoka.

Siku ya kuvalisha cheni, Yunis aliishika mwenyewe. Aliifungua kwenye karatasi yake, akaibusu haraka, kisha akaipitisha kwenye gia. Hezekia aliinama kutazama. Nukta hazikutazamana. Ya chini ilikuwa imepita, kama meno mawili hivi.

Akamwangalia mkwe wake. Yunis alikuwa anazitazama zile zile nukta, kwa muda mrefu. Kisha akajifuta mikono.

"Imekaa, Baba."

Hezekia, ambaye mshono uliopinda aliuona kutoka ng'ambo ya barabara, akasema, "Imekaa."

Wakafunika.

Theodory alifika na kikapu cha maharage. Wakajuliana hali, wakala, akaketi kwenye usukani. Injini ilipiga chafya, ikatikisika gari zima, ikatema moshi kwenye kabureta, ikazima. Akajaribu tena na tena mpaka betri ikaishiwa. Akazungusha kwa hendeli mpaka shati likalowa.

"Hili limekufa, mkwe," alisema akihema. "Liacheni. Tutapanda basi."

Yunis akaingia nyuma ya jiko. Hezekia alimfuata, akakohoa kwanza.

"Baba," alisema Yunis bila kugeuka, "nimefanya makusudi."

"Najua. Niliona."

"Uliona ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Nilisema likikataa, nitapata hata mwezi," alisema Yunis. "Sitaki kupita pale kalvatini. Na wewe hapa, nani atakupakulia?"

"Ningekuwa nimekuzaa, Yunis, nisingekuachia uondoke. Ningemfukuza mjomba wako na maharage yake." Mzee akageukia uani, lilikosimama gari. "Lakini hukuzaliwa na mimi, na jina lako ni moja tu, likichafuka hatuna lingine. Na yule aliifia hii cheni. Hatuwezi kumfungia vibaya."

Ndipo Yunis akalia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata siku ya mazishi. Hezekia hakuweza kumshika, kwa kuwa ni mkwe. Alisimama pale pale mpaka akanyamaza.

Wakafungua upya. Theodory alishangaa, ila akashika rejeta. Safari hii Hezekia aliivalisha cheni kwa mikono yake, na nukta zikatazamana. Betri iliazimwa kwa jirani. Injini ikawaka, ikatulia, ikanguruma kwa upole kama zamani. Watu wakatoka nje. Bi Mwamvua akapiga kigelegele, akakumbuka ni nyumba ya msiba, akaziba mdomo.

Asubuhi walipakia. Ida alitoa kichwa dirishani. "Babu, mbona hupandi?"

"Nitakuja."

Theodory alisimulia baadaye kwamba walipokaribia kalvati Yunis alijifunika khanga uso mzima, na hakuifunua mpaka Magole.

Hezekia alikusudia kwenda Krismasi. Mvua zikakata barabara, mwaka uliofuata miguu ikavimba. Habari zikawa zinamfikia kwa watu: Yunis ameolewa na mtu mwema, mpiga kinanda wa kanisa, wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, gari limekwisha kuchakaa. Alifurahi, na usiku huo hakula.

Alipopata nguvu ya kusafiri mpaka kijijini kwao, Ida alikuwa msichana wa shule. Alitoka bombani na ndoo ya maji kichwani, akaona mgeni uani, akaitua, akapiga goti vizuri kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ida!" Yunis alikuja mbio kutoka jikoni, machozi tayari yakimtoka. "Huyu ni babu yako, mzaa baba yako. Babu wa Kilosa. Humkumbuki?"

Mtoto alimtazama kwa heshima. Alijaribu, ilionekana anajaribu. Kisha akainamisha macho, akangoja aambiwe la kufanya.

"Mwache," alisema Hezekia. "Mwache apeleke maji."