Ng'ombe wa Mzee Modestus Hawachinjwi

Mzee Modestus aliwahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji chetu hapa Lusahunga. Akaangushwa, na sasa anautaka tena uenyekiti. Shida yake ni vijana. Waendesha bodaboda na mafundi pancha wa malori ya mpakani Rusumo ndio wenye kura nyingi, na mchana hujazana kwenye banda la gemu la Irakoze. Akaenda kuwaomba wampigie debe. Wakamcheka kistaarabu, yaani baada ya shikamoo.

"Hotuba tumezichoka, mzee," alisema Frednand, fundi pancha. "Tunakuwekea gemu la falme. Unapewa kijiji, watu, shamba na mifugo. Kivushe kiangazi, na sisi tutakusemea kwenye mkutano."

"Nimeongoza watu wa kweli, nitashindwa na vikatuni?"

Akakalia kiti. Watu wa aina yake wakiona kiti hawaulizi cha nini.

Irakoze alimwelekeza taratibu: hii ndiyo mausi, huyu mbonyeze akalime, yule akate kuni, mwenye njaa anageuka mwekundu. Modestus hakusikia. Alishawaona ng'ombe. Akawatoa watu wote shambani, akawapa kazi ya kujenga zizi.

"Sasa nani analima?" Frednand aliuliza.

"Kwanza heshima. Kulima kutafuata."

Haikuchukua muda kijiji kizima kikawa chekundu kama nyanya za mnadani.

"Chinja mmoja, mzee," Irakoze alisema. "Mbonyeze ng'ombe, watu wale."

"Ng'ombe hachinjwi kwa sababu ya njaa, binti. Ng'ombe ni mahari. Ni wa kumgawia rafiki. Kwetu Ngara ukimgawia mtu ng'ombe, amekuwa ndugu yako mpaka wajukuu."

Na kweli akamtafuta mfalme jirani kwenye kioo, akampelekea dume zuri. Mfalme wa kompyuta akapokea, akashukuru kwa maandishi, kisha akaja kuchoma ghala. Vijana walicheka mpaka wateja wa chapati upande wa pili wa barabara wakageuka.

"Huyu hakulelewa," Modestus alisema. "Anza upya."

Mara ya pili hakumgawia mtu. Ng'ombe wakanona, watu wakawa wekundu vilevile. Katika kupapasapapasa vitufe, mtu mmoja akatoweka kwenye kioo.

"Ameenda wapi?"

"Umemfuta," alisema Irakoze.

Hatimaye Modestus alikuwa amejifunza kitu. "Kumbe wanafutika." Akasogea mbele na kuanza na wale wa pembeni. "Hawa wamehamia juzi tu, hawana uchungu na kijiji." Akafuta mmoja, akafuta na mwenzake, akawa mwepesi wa mkono kuliko hao vijana waliozaliwa na simu. Chakula kikawatosha waliosalia. Mvua ikanyesha, kioo kikapiga muziki wa ushindi.

Hakuna aliyecheka. Hapa kwetu watu husahau bei ya mbolea ya mwaka jana, lakini msako ule wa kuwafukuza wahamiaji hatujausahau. Modestus, enzi za uenyekiti wake, alitangulia mbele ya mgambo akinyoosha kidole: nyumba hii, na ile pale. Nyumba moja ilikuwa ya Nzeyimana, baba yake Irakoze, aliyekuja na wakimbizi wa Burundi, akalima hapa hadi mvi, na aliyekuwa amemgawia Modestus mtamba kwa urafiki. Nzeyimana aliondoka na mkeka na wanawe. Ng'ombe wake walibaki, na zizi walikobaki kila mtu analijua. Irakoze alirudi baadaye peke yake, akafungua banda.

"Nimeshinda," Modestus alisema. "Ng'ombe wote wapo."

"Umeshinda, mzee," Irakoze alijibu. "Na watu?"

"Waliobaki wanatosha."

Jumapili, kwenye mkutano wa wagombea, Modestus alitangaza kwamba vijana wako upande wake, akamwita Frednand aseme. Ahadi ni ahadi. Frednand akasimama, akasema ni kweli mzee amelishinda gemu. Kisha akaeleza alivyoshinda: ng'ombe waliotunzwa, watu waliofutwa, na walioanzwa nao. Hakutia chumvi. Akaketi.

Modestus alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Akaendelea kupiga, peke yake, akisubiri wengine wamfuate.