Siku Eliseo Alipokauka

Walimleta mchana kwa mkokoteni wa ng'ombe, kichwa chake kimelazwa juu ya majani ya miwa. Nilikuwa napiga pasi kitambaa cha altare. Nilimgusa mwanangu Eliseo shingoni. Alikuwa anaunguza, na ngozi yake ilikuwa kavu kama jivu.

"Tangu saa tano anaongea na mbwa asiyekuwepo," mwenzake wa kukata miwa akasema, kisha akakimbia kutafuta gari la zahanati.

Mama mkwe wangu, doña Ubalda, alikwishaleta mablanketi. "Mfunike. Homa haitoki mpaka jasho litoke."

Kuhusu homa alisema kweli. Hapa Chinandega nimeugua malaria zaidi ya mara moja: unatetemeka, unaungua, halafu jasho linalowesha godoro na asubuhi unaomba uji. Lakini mume wangu Abundio naye aliletwa kutoka kwenye miwa akiwa mkavu hivi hivi. Tulimfunika, tukafunga madirisha, tukasali rozari. Jasho halikuja. Sikumlaumu mtu. Ila tangu tulipomzika nilikuwa nawatazama wakata miwa wakirudi jioni. Aliyelowa hutania wenzake, aliyekauka hatanii. Nikaelewa kwamba mwili hujimwagia maji wenyewe ili upoe, na yakiuishia, lazima mtu mwingine aumwagie.

Nikachukua ndoo.

"Casilda, una wazimu?" Mama mkwe akanishika aproni. "Mikono yako bado ina moto wa pasi. Ukigusa maji baridi vidole vitapinda kama vya kuku. Na huyo utamuua hapo hapo."

Kwetu nani asiyelijua hilo? Mwanamke akishapiga pasi haoshi hata kikombe mpaka kesho yake. Nami nililiamini. Hata leo, vidole vikiuma wakati wa mvua, namsikia doña Ubalda.

"Vikipinda, mama, utanilisha wewe."

Nikamwomba Bikira anisamehe kama nakosea, nikamwaga.

Hakufa. Nikamwagia tena, kichwani, kwapani, kifuani, nikampepea kwa kitambaa kile kile cha altare. Mama mkwe alisali kwa sauti ya juu, ili Mungu asikie kwamba yeye hakushiriki.

Ndoo ilipokaribia kuisha, Eliseo akafumbua jicho moja. "Nani ananilowesha suruali?"

"Mama yako," bibi yake akajibu. "Karukwa na akili."

Akaweka kiganja kwenye paji la uso la mjukuu wake, akakiacha hapo. Kisha akamimina yale maji ya mwisho, taratibu, kama anayebatiza, akainuka na ndoo tupu.

"Kaa naye," akaniambia. "Mimi nakwenda kuteka mengine."

Alipotoka niliona vitone juu ya mdomo wa Eliseo, katikati ya masharubu yake machanga. Nikavifuta. Vikatoka vingine. Nikaonja kidole: chumvi.

Sikuvifuta tena.